Masale yenye milia: pa kuyapanda na pa kuyaacha

Ikifika Oktoba maswali ninayopokea hubadilika. Yale ya chulebuni na ya bei ya kahawa hupungua, yanaingia ya maua. Sababu inajulikana: watoto wanakuja Krismasi. Kila mzazi wa Uru anataka geti lipakwe rangi, njia ya kuingilia ifyekwe, na mbele ya nyumba pawe na kitu cha kupigia picha. Mwaka huu swali lililonijia mara nyingi kuliko mengine ni moja: "Bibi shamba, yale masale yenye mstari wa njano katikati yanapandwaje?"

Nitalijibu kwa urefu, kwa sababu mmea huu ni mzuri, hauchagui msimu na hausumbui. Lakini pia kuna mahali ambapo nakuomba usiupande kabisa. Nimeona kwa macho yangu ukikaribia kutenganisha nyumba mbili zilizokuwa zimekaa jirani miaka arobaini.

Kwanza tuelewane ni mmea gani. Isale letu la kijani, lile linalozunguka vihamba kuanzia Uru Kusini mpaka kule juu Materuni na Shimbwe, kwa sehemu kubwa ni lile ambalo wataalamu wanaliita Dracaena fragrans. Ni mmea wa Afrika. Huota wenyewe kuanzia Sudan mpaka Msumbiji, na upande wa kusini-magharibi mpaka Angola. Tumezoea kuliona fupi kwa sababu tunalikata, lakini likiachwa linaweza kufika mita 15.

Lenye milia ni ndugu wa damu wa hilo hilo. Wauza miche wengine watakuambia ni ua la Ulaya. Usiwape bei ya Ulaya. Ni isale ambalo ukanda wa katikati ya jani umepungukiwa umbijani, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea. Wazungu walilipeleka kwao, wakalilea kwenye nyumba za vioo, wakachagua yaliyo na milia na kuyazalisha kwa vipandikizi. Leo linauzwa dunia nzima kama ua la ofisini. Costa Rica wanakata mashina yake na kuyasafirisha nje. Huko huliita mmea wa mahindi, kwa kuwa majani yake yanafanana na ya mahindi. Nikiliona kwenye filamu limesimama kwenye kona ya benki huko Marekani huwa nacheka peke yangu: isale la mpakani limevaa tai.

Kile kiasi kidogo cha umbijani ndicho kinachoamua karibu kila kitu katika matunzo yake. Kwanza, hukua polepole kuliko la kijani, kwa hiyo usiwe na haraka nalo. Pili, linataka mwanga uliochujwa. Chini ya mgomba, pale jua linapopenya vipande vipande, ndipo hasa linapopapenda. Ukilipanda mbele ya ukuta mweupe unaotazama magharibi, lipigwe jua la saa nane mpaka jioni, majani yatapata mabaka ya kahawia, na jani likishaungua halirudi. Ukilificha kwenye kona yenye giza barazani, nalo halitakufa, ila ule mstari uliokuvutia utafifia mpaka usiuone tena.

Kuhusu kuzalisha, ushauri wangu ni kwamba usinunue miche mingi. Nunua miwili au mitatu, mingine utaitengeneza mwenyewe. Chagua shina lililokomaa, unene wa kidole gumba au zaidi. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 30. Upande wa chini ukate mshazari na wa juu ukate bapa, usije ukasahau kichwa ni kipi na miguu ni ipi, kwa maana kikipandwa kichwa chini hakitoi. Viache kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke, kisha vipande kwenye mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Unyevu uwepo, matope yasiwepo. Kinachoua vipandikizi vingi ni kuoza, si kiu. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Wakati mzuri ni mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, au za vuli. Baridi yetu ya Juni na Julai huchelewesha kila kitu. Ile ncha ya juu yenye majani nayo usiitupe, inashika vizuri, na shina ulilolikata litachipua pembeni.

Mbegu usizitegemee. Zitakupa isale, lakini halitakuwa na milia.

Mara nyingine kwenye mmea wenye milia hutoka chipukizi la kijani tupu. Likate mapema, tena shinani kabisa. Hilo lina umbijani jani zima, linajitengenezea chakula kingi na kukua haraka kuliko wenzake, na baada ya miaka michache utabaki na isale la kawaida ulilolilipia bei ya ua.

Wapo wanaolichanganya na ule mmea wa majani magumu yaliyosimama kama mapanga, wenye kingo za njano, ambao siku hizi wataalamu wameuingiza kwenye ukoo huu huu. Ule ukipanda kipande cha jani kitaota, lakini kingo za njano hupotea. Unatakiwa ugawanye shina lake la chini ya udongo.

Kuna jambo moja watu wa Uru hawahitaji kulijua kwa sababu maji yao ya mlimani ni mazuri, ila wasomaji wangu wa Arumeru na wa baadhi ya maeneo ya Hai na Siha naomba walizingatie. Mmea huu hauvumilii floraidi, yale madini yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Ukimwagilia maji ya kisima chenye floraidi nyingi, ncha za majani zitakauka, na utadhani ni ukosefu wa maji, utaongeza maji hayo hayo, zitakauka zaidi. Kinga maji ya mvua. Na mbolea za viwandani za fosfeti usiziweke hapo, maana nyingi hubeba mabaki ya floraidi. Samadi inatosha.

Wadudu wake ni wachache. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye kikonyo cha jani, hivyo ni vidung'ata; vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia baada ya wiki. Mbwa na paka wakitafuna majani hutapika, kwa hiyo wenye watoto wa mbwa wawe waangalifu.

Maua yake watu hawayasifii inavyostahili. Huchukua miaka kabla ya kutoa, kisha siku moja unakuta utepe mrefu umening'inia kutoka kichwani, umejaa vichane vya maua madogo meupe yenye wekundu kidogo. Mchana yamefumba. Jioni yanafunguka, na harufu yake inaingia mpaka chumbani. Wengine wanaona ni kali mno, kwa hiyo usilipande chini kabisa ya dirisha la kulala. Mimi naipenda. Kichwa kikishatoa maua, shina hugawanyika matawi, na hapo ndipo mmea unapopata umbo la mti.

Sasa nije kwenye lile la pa kuliacha.

Mimi ni Mpare wa Same, na kwa utani wa Wapare na Wachaga nimeshaambiwa mengi tangu nipangiwe kazi huku, mengine hayaandikiki. Stashahada yangu ya kilimo cha bustani niliisomea Tengeru. Kule isale lilikuwa somo fupi: mmea wa mapambo, uzio hai, kinga ya mmomonyoko. Hakuna aliyeniambia kwamba Kilimanjaro ni hati ya shamba.

Kihamba cha Mchaga hakikuwekewa nguzo za zege. Kiliwekewa masale. Babu alipogawa ardhi kwa wanawe alipanda masale mpakani, na jirani akiwa anaona. Masale hayohayo utayakuta yamezunguka makaburi ya wazee ndani ya migomba. Na mtu aliyemkosea mwenzake, akitaka kuomba msamaha kwa uzito, hubeba jani la isale. Aliyeletewa jani hilo ni vigumu sana kukataa. Vihamba vimegawanywa baba kwa mwana mpaka wengine wamebaki na nusu ekari, kwa hiyo hatua mbili za ardhi Uru si jambo la kupuuza. Hatua mbili zinaweza kuwa mibuni, na mibuni ni ada ya shule.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji ambacho sitakitaja, kijana mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja mapema mwezi Desemba kumpendezeshea mama yake nyumba. Nia yake ilikuwa njema, na mpaka leo nasema hivyo. Alifika na gari dogo la mizigo lenye miche arobaini ya masale yenye milia, akaajiri vijana wawili, wakang'oa safu nzima ya masale ya zamani upande wa jirani. Mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, alimuuliza kwa nini. Akajibiwa, "Mama, haya ni ya kienyeji, yanaficha nyumba." Wakafunga kamba kutoka kona ya barabara mpaka ukingo wa mfongo, wakapanda ile miche mipya kwa kufuata kamba. Ilipendeza. Hata mimi nilipopita niliona imependeza.

Tatizo ni kwamba ile safu ya zamani haikuwa imenyooka. Katikati ilikuwa na tumbo, ikizunguka mahali palipokuwa na mringaringa mkubwa zamani. Mti ulishaanguka, tumbo likabaki. Kamba ilipovutwa, tumbo likamezwa, na ndani yake kulikuwa na mibuni saba ya jirani.

Jirani ni mama mjane. Krismasi ile alikuwa kwa binti yake Arusha. Aliporudi Januari akaikuta mibuni yake saba iko upande wa pili wa maua. Alikwenda kuuliza kwa upole, akaambiwa kwa simu na yule kijana, ambaye alishaondoka, "Mama, mimi nimenyoosha tu mpaka, kila mtu anaona ulikuwa umepinda." Kufika Februari wale akina mama wawili walikuwa hawasalimiani. Walizoea kukaa benchi moja kanisani. Watu wakaanza kuona nafasi katikati, halafu mabenchi mawili.

Likaenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa wasiofahamu, baraza hili limo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kikao cha kwanza hakikufika popote. Alama zilikuwa zimeng'olewa na kijana alishikilia kwamba mpaka ulikuwa pale alipopanda. Walipomuuliza mama yake, yule bibi alitazama mikono yake akasema, "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri." Kila mtu pale alijua macho yake hayana tatizo. Angesema nini, mwanawe amekaa pembeni yake?

Masika yakaingia. Mwezi wa Aprili mwenyekiti wa baraza akanipigia simu. "Bibi shamba, tunaomba uje na jembe. Kuna kitu kinaota kwenye kahawa ya mama."

Vijana wale walikuwa wameng'oa haraka, kazi ya kulipwa kwa siku. Mashina waliyakata, lakini visiki vingi vilibaki chini ya udongo, na isale ni mmea mgumu kufa. Mvua ilipolowesha ardhi, visiki vikachipua. Katikati ya ile mibuni saba na nyuma yake kulikuwa na machipukizi ya kijani, mafupi kama kiganja. Niliyahesabu, yalikuwa tisa.

Kijana alikuwepo safari hii, alichukua ruhusa kazini. Akasema hayo yanaweza kuwa yameota tu, ndege wamedondosha mbegu. Hoja hiyo si ya kijinga, kwani isale hutoa matunda ya rangi ya machungwa na ndege huyala. Nikachimba moja taratibu mbele yao. Mche wa mbegu una mzizi mwembamba na shina lake limeanzia hapo hapo. Hili lilikuwa limetoka ubavuni mwa kisiki kinene kuliko mkono wangu, na juu ya kisiki kulikuwa na alama ya panga. Mizizi ya isale ina rangi ya chungwa, huwezi kuichanganya na ya mbuni. Nikachimba la pili, hivyo hivyo. La tatu mwenyekiti aliniambia niache, yatosha. Tukachomeka vijiti kwenye yote tisa na kufunga uzi. Lile tumbo likajichora lenyewe.

Yule bibi akasimama. Akasema, "Hapo palikuwa na mringaringa. Baba mkwe wangu ndiye aliyeuzungusha masale." Akakaa. Mwanawe hakusema neno.

Walipatana siku ile ile. Safu ya zamani irudishwe kwa vipandikizi, na maua yahamishwe. Kijana, kwa kuelekezwa na wajomba zake, akaenda kuvunja jani ili ampelekee yule mama. Akavunja lililokuwa karibu, lenye milia. Mzee mmoja akamzuia. "Hilo ni ua. Kalete isale."

Kwenye uwanja wao la kijani halikuwepo tena, ila kule nyuma kwenye kaburi la babu yake. Mzee akamwambia aende, lakini amwombe babu kwanza. Alikaa huko muda. Aliporudi na jani, yule mjane alilipokea kwa mikono miwili, akamuuliza, "Mwanangu, umekula?"

Kitabuni ni mmea mmoja. Ningeweza kusimama pale na stashahada yangu nikaeleza umbijani, na ningekuwa sahihi, na isingesaidia chochote. Kwa kazi iliyokuwa mbele yetu mzee alikuwa sahihi zaidi. Tena hata kikilimo tu, isale lenye milia halifai mpakani. Linakua polepole, halizibi nafasi. Lina bei, kwa hiyo huibwa. Mpaka unaoweza kubebwa usiku kwenye mfuko si mpaka. Na wanaolipanda hulihamisha kila wanapobadilisha mawazo, wakati isale la kijani likishazeeka mahali huacha visiki kama vile nilivyovichimba.

Kwa hiyo lenye milia lipande ndani ya kwako: kando ya njia ya kuingilia, kwenye vyungu barazani, chini ya migomba ya karibu na nyumba, umbali wa mita moja moja ili kila mmea uonekane. Kwenye mpaka usiguse. Kama safu ya mpakani imechakaa na ina mapengo, mwite jirani, na kama kuna mzee anayeijua ile safu mwite pia. Kata vipandikizi kutoka safu hiyo hiyo, jaza mapengo kwa kupanda sentimita 30 hadi 30, bila kung'oa kisiki hata kimoja, na bila kamba. Kama safu imepinda, iache imepinda. Piga picha kwa simu kabla na baada. Mwenye kutaka nguzo za zege aziweke pembeni ya masale, asiyatoe, na anayeweza afuatilie hatimiliki ya kimila kupitia serikali ya kijiji wazee wanaojua mipaka wakiwa bado hai.

Ile miche arobaini haikuhamishwa mara moja. Kijana alipata likizo Julai, akaihamishia kwenye njia ya kuingilia katika baridi na ukavu wa mwezi huo, mizizi ikiwa mitupu. Tisa ilikufa. Thelathini na moja inaendelea vizuri kivulini, na mwaka jana mmoja ulitoa maua kwa mara ya kwanza. Kama nawe una ya kuhamisha, subiri mvua. Mwagilia jioni ya siku moja kabla, toa na bonge la udongo wake, punguza theluthi ya majani ya chini, na shimo jipya liwe limeshachimbwa kabla hujashika jembe kung'oa.